Subira na Kujikaza: Kimya cha Salale na Ushairi wa Pwani

Lugha ya Kiswahili humlea mtoto kwa amri mbili zinazopingana. Akiwa na siri ya nyumbani huambiwa afunike kombe mwanaharamu apite. Akiugua akanyamaza huambiwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akisema mno huitwa mropokaji, mtu asiye na kifua. Akinyamaza mno watu huanza kumchelea, kwani kimya kingi kina mshindo mkuu. Hakuna methali ya tatu ya kumwambia ni lini afuate amri ya kwanza na ni lini afuate ya pili. Uamuzi huo huachiwa mwenyewe, na aghalabu huufanya usiku, peke yake.

Neno kifua lenyewe limebeba pande zote mbili za mgogoro huo. Mwenye kifua ni mtu anayesifiwa, anayeaminiwa siri za wenziwe. Lakini mtu huyohuyo akizidiwa husema kwamba kifua kimembana. Kiungo kinachosifiwa kwa kuhifadhi ndicho kinacholalamika kwa kujaa. Majirani nao hawasubiri kipimo cha daktari. Wakisikia kwamba mama fulani amepata habari mbaya akaanguka, husema mara moja kwamba presha imempanda, na wakiulizwa sababu husema ana mawazo mengi. Lugha ya mitaani, kwa hiyo, ilishaamua zamani kwamba lisilosemwa hukaa mahali fulani mwilini. Swali ambalo haijaliamua ni hili: je, kila lisilosemwa hudhuru? Na kama si kila moja, ni lipi linalodhuru na lipi lisilodhuru? Swali hili ni la tabibu, lakini pia ni la mhakiki, kwa sababu ushairi wa pwani, tangu Pate hadi Kilwa, umejengwa juu ya sanaa ya kusema na kutosema.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Laura King na Robert Emmons, walichapisha uchunguzi ambao msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaweza kuutumia kwa faida. Swali lililozoeleka kabla yao lilikuwa jepesi: ni nani anayeumia zaidi, anayeficha hisia au anayezionesha? Wao walimtazama mtu wa tatu, yule anayetaka kusema lakini anaogopa, na ndugu yake anayesema kisha akajuta kwa nini amesema. Walitunga hojaji ya kuupima mvutano huo, nao wakaona kwamba watu wanaovutwa huku na huku ndio walioonesha dalili nyingi za dhiki ya nafsi, na kwamba mvutano huo ulihusiana pia na malalamiko ya mwili. Yaani kipimo cha mtu husema kiasi gani hakikutosha. Ilibidi kuulizwa pia kama moyo wake umekubaliana na kusema kwake au kunyamaza kwake.

Uchunguzi mwingine uliufuata mwili wenyewe. James Gross na Robert Levenson, katika kazi walizozichapisha mwaka 1993 na 1997, waliwaonesha watu filamu za kuchukiza na za kuhuzunisha, na baadhi yao wakaamriwa wasioneshe lolote usoni. Nyuso zilitulia kama walivyotakiwa. Ndani, hata hivyo, jasho la ngozi liliongezeka na mishipa ya damu ikabana kuliko kwa wale walioachwa wafanye wapendavyo. Uso ulitii amri, mishipa haikutii. Hiyo ndiyo njia ya kale ya mwili kujiandaa kwa hatari: adrenalini hutoka katika tezi zilizo juu ya figo, moyo hupiga mbio, sukari humiminwa katika damu, tumbo huacha kazi yake, kisha hufuata homoni ya kotisoli ili kuuweka mwili macho kwa muda mrefu zaidi. Mpango huo unamfaa mtu aliyekutana na mamba mtoni, kwa sababu mamba ama humkosa ama humpata, na kwa vyovyote shughuli huisha. Mvutano wa moyoni hauna pa kukimbilia wala hauna saa ya kwisha.

Haifai kulitia chumvi jambo hili. Shinikizo la damu lina sababu nyingi, nyingine zikiwa za urithi, umri na chakula, na hakuna mtu mwenye busara atakayesema kwamba kila presha ni siri iliyofichwa. Wala kusema si dawa kila mahali. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi waandike kwa siku nne mfululizo juu ya mambo mazito yaliyowapata. Katika miezi iliyofuata waliokwisha kuandika walikwenda zahanati mara chache zaidi, lakini mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi na shinikizo lao lilikuwa limepanda. Na mwaka 2009 Emily Butler, Tiane Lee na Gross walionesha kwamba katika mazungumzo juu ya jambo la kuudhi, kuzidhihirisha hisia kuliambatana na shinikizo la chini kwa Wamarekani wa asili ya Ulaya, na kwa wale wa asili ya Asia mambo yakawa kinyume. Mtu aliyelelewa katika jamii inayothamini utulivu haumizwi na utulivu kama anavyoumizwa mtu aliyelelewa kusema. Kinachoumiza ni kwenda kinyume na kile ambacho moyo umekiridhia.

Hapa Kiswahili kina akiba ambayo wahakiki hawajaitumia ipasavyo. Lugha hii haina neno moja la kunyamaza. Ina subira na ina kujikaza, na mambo haya mawili si mamoja. Subira ni kimya kilichokwisha kuamuliwa. Mwenye subira amelipima jambo, amemwachia Mwenyezi Mungu sehemu yake, naye amekaa. Kujikaza ni kimya kinachopiganiwa kila saa; aliyejikaza bado anashindana na neno lililofika kooni. Kwa nje watu hawa wawili hufanana: wote kimya, wote wamekaa mkekani, wote wanaitikia salamu. Tofauti yao imo ndani, na ndiyo tofauti iliyopimwa katika maabara za Marekani kwa majina mengine. Mhakiki anayeuita kila utulivu wa pwani subira anakosea. Na yule anayeuita kila utulivu ukandamizaji anakosea vilevile.

Makosa hayo mawili yanaonekana wazi katika historia ya kusomwa kwa Utendi wa Mwana Kupona. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na Sayyid Said, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Kwa muda mrefu ulisifiwa kama kitabu cha adabu za mke, na baadaye ukalaumiwa kwa sababu hiyohiyo. Wengine, kama Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991, walijaribu kuusoma upya na kuona kejeli na hila ndani ya utiifu unaofundishwa. Pande zote zimeshughulika zaidi na yale ambayo mama anamwagiza binti. Chache ni kurasa zilizoshughulika na hali ya anayeagiza.

Hali yake ni hii. Tangu mwanzo anasema kwamba ni mgonjwa, kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba katika muda wote huo hakupata kumwambia binti yake neno jema. Anamwita aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa yapo yaliyomo moyoni mwake anayotaka kumhadithia. Ugonjwa na neno lisilosemwa vimewekwa ubavu kwa ubavu katika beti za mwanzo kabisa. Mshairi hasemi kwamba kimoja kimesababisha kingine, wala mhakiki hana haki ya kumsemea; inatosha kuona kwamba amevitaja pamoja, na kwamba utendi wote ni kazi ya kulitoa neno hilo kabla muda haujakwisha. Inasemekana hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka wa kufa kwake hutajwa kuwa 1860 au karibu na huo.

Kisha yapo maagizo. Mume akighadhibika, binti asimjibu, ajitahidi kunyamaa. Msomaji wa leo husimama hapo, akakunja uso. Lakini utendi hauishii hapo. Mama anapofika kwenye ndoa yake mwenyewe anaeleza jinsi alivyoishi na mumewe kwa mapenzi bila ugomvi, na jinsi mume alivyomwachia radhi alipokuwa akifariki. Kisha anakiri kwamba tangu siku ile hadi siku anayoandika hajanyamaa kilio kila akumbukapo mazoea yao. Mwanamke anayefundisha kunyamaa anakiri kwamba yeye hajanyamaa. Na kitenzi ni kilekile. Hii si kejeli, wala si unafiki. Ni mpaka uliochorwa kwa makini: mbele ya hasira ya mtu mwingine, ulimi uzuiwe, mbele ya msiba, jicho liachwe. Mwana Kupona amekwisha kuamua wapi atanyamaza na wapi atalia. Ndiyo maana sauti yake, juu ya maradhi yote, ni sauti iliyotulia. Kama binti yake, au msomaji yeyote, akiweza kuukubali mpaka huo kwa moyo wake, atapata subira. Akiubeba kwa kuogopa watu tu, atapata kujikaza, na utendi uleule uliokuwa faraja kwa mama utakuwa mzigo kwa binti. Ubora wa utendi uko katika ukweli wa anayesema; udhaifu wake, kama upo, uko katika kudhani kwamba ukweli huo unaweza kurithiwa kwa maagizo.

Mpaka wa namna hiyo una mizizi katika dini ya pwani. Katika hadithi inayojulikana sana, Mtume alitokwa na machozi alipokufa mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa alieleza kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, bali ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Chozi limeruhusiwa, ukelele umekatazwa. Eda ya mjane nayo imewekewa miezi minne na siku kumi. Huzuni imepewa nyumba, mavazi na tarehe ya kutoka. Amri hizi zikisomwa kwa haraka huonekana kama vizuizi vitupu. Zikisomwa kwa utulivu huonekana pia kama msaada, kwa kuwa humwondolea mfiwa kazi ya kuamua kila asubuhi kama leo alie au asilie.

Vina na mizani hufanya kazi inayofanana na hiyo. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, ni mtumishi wa serikali ya kikoloni anayesimulia mambo yake kwa nathari ya heshima na tahadhari. Anapofika kwenye kifo cha mkewe Amina, anamlilia kwa shairi. Haikuwa kwa sababu shairi ni tamu zaidi. Ni kwa sababu beti ina kuta, na ndani ya kuta mtu huweza kulia bila kuonekana amevuliwa nguo. Kanuni ya utungaji, ambayo vijana wengi huiona kuwa pingu, humpa mtu mzima ruhusa ambayo mazungumzo ya barazani hayampi.

Abdilatif Abdalla yuko upande wa pili. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Hapa kusema kulikuwa na bei iliyojulikana, na bei hiyo ilikuwa imekwisha kulipwa. Dhiki ya diwani hilo ni kubwa: ni dhiki ya upweke na ya kutenganishwa na wapendwa. Lakini mvutano wa kusema au kutosema haumo, au umo kwa uchache. Anayesoma shairi la Siwati anakutana na mtu aliyekwisha kuamua. Jambo hili huwashangaza wasomaji wanaotarajia kwamba mashairi ya gerezani lazima yatetemeke. Mfungwa huyu alikuwa na maadui nje ya nafsi yake, ila ndani ya nafsi hakuwa na hakimu wa pili.

Kati ya Mwana Kupona aliyeamua kunyamaza hapa na kulia pale, na Abdilatif aliyeamua kusema, ipo njia ya tatu ambayo pwani inaipenda kuliko zote, nayo ni fumbo. Kanga husema kwa niaba ya aliyeivaa. Katika taarabu mtu huinuka na tuzo yake pale beti inapomlenga anayemkusudia, kisha hurudi kitini kama kwamba hakufanya lolote. Katika ngoma ya pepo mwanamke aliyepandwa na jini hudai kwa mumewe manukato, nguo na heshima, na asubuhi hadaiwi maneno hayo kwa kuwa hayakuwa yake. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kisiwani Mafia katika miaka ya 1960, amezieleza kwa kirefu ngoma za namna hiyo, na katika kitabu chake cha mwaka 1997 amempa nafasi mkulima wa kijijini, aliyeitwa humo Mohammed, azisimulie shida zake kwa maneno yake na kwa shajara yake. Hata siasa imepita njia hii. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, aliimba juu ya Kijiti kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbia, na walioingia matatani wakawa mashahidi. Lililowashinda watu kulisema mbele ya hakimu liliimbwa mbele ya mji.

Wahakiki wameisifu njia ya fumbo kwa haki, lakini sifa zimezidi. Fumbo halimalizi mvutano kila mara; mara nyingine huurefusha. Aliyetuma fumbo hulala akijiuliza kama limefahamika, na asubuhi huogopa mambo yote mawili: kwamba limefahamika na kwamba halikufahamika. Wimbo wa Kijiti ulikuwa na nguvu kwa sababu ulitaja jina. Ngoma ya pepo huponya, kwa wanaoponywa nayo, kwa sababu watu wote waliopo wamekubali kusikia. Fumbo lisilo na msikilizaji aliyekubali kusikia ni kujikaza kulikopambwa.

Maneno haya yote yanapata uzito wake yanapofikishwa Salale. Kata hiyo imo katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, katika msitu wa mikoko wenye zaidi ya hekta 50,000, mahali ambapo mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuonja chumvi. Watu hulima mpunga, huvua kamba na samaki, na kutoka bandari ya Nyamisati vyombo huvuka kwenda Kilindoni, Mafia. Katika vitabu vya Wazungu jina la Salale limebakia kwa sababu ya meli. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono hiyo ya mto, ikagunduliwa karibu na Salale mwishoni mwa Oktoba, na ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa mizinga. Mizinga yake inajulikana kwa idadi na kwa kipenyo. Wanawake waliosikia mizinga hiyo wakiwa na watoto mashambani hawana ukurasa katika vitabu hivyo.

Isidhaniwe kwamba watu wa delta ni bubu kwa tabia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipoletwa mradi mkubwa wa kufuga kamba ambao ungechukua maelfu ya hekta za makazi na mikoko yao, wengi wao waliupinga hadharani na shauri likafikishwa mahakamani. Walisema kwa sauti, kwa sababu walilolitaka lilikuwa moja na walijua wanamwambia nani. Kimya kilichokuja baadaye kilikuwa cha aina nyingine.

Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia mauaji ambayo nchi nzima iliyasikia. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari waliuawa, wengi wao usiku, mlangoni pa nyumba zao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mara moja huko Mkengeni, Kibiti. Operesheni ya vyombo vya usalama ikafuata, na zipo familia zilizosema kwamba jamaa zao walichukuliwa na hawakurudi. Mwananchi wa kawaida akawa kati ya hofu mbili: akisema, watamsikia waliokuja usiku, asiposema, watamshuku waliokuja mchana. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeyaandika mauaji hayo katika gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, na hajaonekana hadi leo. Aliyegeuza hofu ya watu kuwa maandishi ndiye aliyepotea. Hakuna somo la kimya lililo bayana kuliko hilo.

Huu ndio mvutano wa King na Emmons ukiwa umetolewa katika hojaji na kutiwa katika mji. Haukuwa wa mtu mwenye haya wala wa mke aliyelelewa asijibu. Ulikuwa wa jamii nzima, kila mtu akitaka kuuliza na kila mtu akijuta kabla hajauliza. Hapo subira haiwezekani, kwa kuwa subira hutaka jambo lijulikane kwanza. Mjane aliyemzika mumewe ana eda, ana tarehe ya kuanza na ya kutoka. Mke ambaye mumewe hakurudi, awe amepotea baharini katika mlango wa Mafia au amepotea barabarani, hajui hata kama ni mjane. Akilia, atakuwa amemwua mumewe kwa machozi yake. Asipolia, atakuwa hakumpenda. Majirani watamwambia ajikaze, nao watakuwa wametumia neno sahihi kabisa, kwani jingine halipo. Miezi minne na siku kumi haihesabiki pasipo siku ya kwanza. Mwili wake ndio utakaohesabu, kwa njia zake: usingizi, tumbo, mapigo ya moyo.

Ushairi umemfanyia nini mke huyo? Hapa ndipo penye lawama. Mapokeo ya rambirambi, kama yanavyoonekana kila panapotokea msiba mkubwa nchini, yana desturi ya kuharakisha. Beti ya kwanza hutangaza msiba, ya pili humtaja marehemu, na ya tatu tayari humwambia mfiwa afute machozi, kazi ya Mola haina makosa. Mafundisho hayo ni ya kweli kwa anayeamini, lakini yamefika kabla ya wakati wake. Mwana Kupona hakuanza na faraja; alipitia kwanza maradhi, neno lililokwama, kilio kisichonyamaa. Mshairi wa rambirambi huruka yote hayo akatua kwenye subira, akidhani amempa mfiwa dawa, kumbe amempa amri. Na kwa yule ambaye msiba wake haujathibitika, beti hizo haziwezi hata kuanza, kwa sababu hakuna marehemu wa kutajwa.

Haimaanishi kwamba washairi waende Salale wakawafunue watu vifua. Majaribio yaliyotajwa hapo juu yanaonya juu ya hilo, kwa kuwa kumlazimisha mtu aliyelelewa katika utulivu aseme hadharani ni kumwongezea mvutano, si kumwondolea. Na mahali ambapo aliyeandika alipotea, si haki kumdai mwanamke wa kijijini ushujaa ambao wasomi wa mjini hawakuuonesha. Kinachoweza kudaiwa kwa ushairi ni kitu kidogo zaidi, na kigumu zaidi: utaje mvutano wenyewe. Uwepo utungo unaokiri kwamba anayesubiri habari hataki kuuliza na anataka kuuliza, kwa saa ileile, na kwamba jambo hilo si upungufu wa imani wala wa mapenzi. Umbo lipo tayari. Utendi unaweza kubeba hadithi ndefu isiyo na mwisho. Shairi la majibizano linaweza kuipa kila hofu beti yake, moja ikiuliza na nyingine ikikataa kujibu. Hakuna sababu ya kimapokeo inayozuia utungo usiomalizika kwa faraja. Ipo mazoea tu.

Msomaji anaweza kuuliza kama beti zinaweza kushusha presha ya mtu. Jibu la uaminifu ni kwamba hakuna aliyepima jambo hilo Salale. Lililopimwa kwingine ni dogo kuliko ahadi hiyo, lakini si la kupuuzwa: kwamba mwili huchoshwa na kushindana na neno zaidi kuliko unavyochoshwa na kimya kilichoridhiwa. Ikiwa ni hivyo, kazi ya kwanza ya mshairi mbele ya aliyejikaza ni kuacha kumwita mwenye subira. Sifa hiyo, inayotolewa kwa nia njema katika kila matanga ya pwani, humfungia mlango, kwa sababu akishaitwa mwenye subira hawezi tena kusema kwamba hana. Vyombo vinaendelea kutoka Nyamisati na kurudi, na wapo wanaosimama gatini wakitazama wanaoshuka. Wengine wamekuja kumpokea mgeni. Wengine hawakuja kumpokea mtu yeyote, na wakiulizwa husema wanapunga upepo.